Kipozamataza Mwekundu Hahami

Kaka yangu Lewies ndiye aliyenifundisha ndege, na nalisema hilo mapema ili mtu asije akaniambia kwamba alikosea. Hakukosea. Nikiwa bado nang'oka meno ya utoto alinilaza kifudifudi mchangani, akanibana kichwa kwa kiganja nisionekane, akaninong'oneza: huyu siye, yule ndiye, tazama vizuri. Baba alikuwa ameshakufa. Mama alikuwa na kondoo wa kuchunga na hakuwa na muda wa kufundisha mtu, kwa hiyo kila ninachokijua kuhusu vipozamataza kimetoka kwa Lewies.

Huku kwetu Boesmanland, nchi kavu ya mchanga na changarawe, vipozamataza ni wengi kuliko watu, na kwa asiyejali wote ni kitu kimoja, kindege cha rangi ya vumbi kinachokimbia chini na kujibanza nyuma ya kichaka. Mwenye kondoo hawezi kuishi hivyo. Mvua yetu hainyeshi nchi nzima. Hunyesha hapa ikaruka pale, ikaloanisha uwanda mmoja na kuuacha wa jirani mkavu, na wewe uliye mbali huioni wala huisikii. Wanaoijua ni vipozamataza wa mvua. Hao ni wadogo, dume ana kichwa cheusi na shavu jeupe, na huhama kwa makundi makubwa kuifuata mvua popote iliponyesha. Walipo wao pana majani. Wazee wetu waliwafuata tangu enzi za kupanda maksai, na sisi tukaendelea kuwafuata kwa mikokoteni ya punda.

Halafu yuko mwekundu. Huyu ni mkubwa zaidi, mgongo wake una rangi ya vilima vyetu vya mchanga na hauna michirizi, kifua kina madoa meusi, na juu ya jicho ana mstari mweupe. Watu hushindwa kumtambua kwa sababu ya rangi, maana ndugu zake wanaokaa mbali na mchanga si wekundu hivyo, ni wa kahawia tu kama vipozamataza wengine. Lewies aliniambia niachane na rangi. Alisema nitazame mdomo, ambao ni mnene, wa kuvunjia mbegu ngumu, kisha nitazame kama yuko na kundi au yuko peke yake. Mwekundu ana kilima chake. Huzaliwa hapo, huoa hapo na hufa hapo, inyeshe isinyeshe, na maji hahitaji, mbegu na mchwa humtosha. Akiimba hakuambii habari yoyote ila kwamba yupo. Mama alikuwa akisema heri angepata mume wa namna hiyo.

Basi kulikuwa na sheria yetu, na si ya kanisa wala ya serikali. Aliyewaona wa mvua kwanza humwambia ndugu yake wa tumbo moja kabla hajahamisha hata mwanakondoo. Na haji mikono mitupu. Kipozamataza wa mvua hujenga kiota chini kabisa, kwenye shina la kichaka, upande unaopata kivuli alasiri, na ukingoni hupanga vijiwe vidogo vya changarawe na kuvifunga kwa utando wa buibui. Mayai huyagusi. Unachukua vijiwe vichache vya ukingoni, utando ukiwa bado umevishika, unavifunga kwenye kitambaa na kuvipeleka nyumbani. Atakayekuja na vijiwe hivyo hupewa kahawa ya kwanza na hakuna anayemuuliza mara mbili. Sikuwahi kusikia kwamba mtu yeyote alileta vijiwe vya uongo.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa wa tatu bila mvua ya maana. Tulikuwa na boma moja na Lewies, kisima kimoja na pampu moja ya upepo, nyumba yake ya mikeka upande huu na yangu upande ule. Yeye alikuwa na mkewe Lenie. Mimi nilikuwa na mume wangu Isak, mtu wa polepole ambaye hata akiungua kwanza hutafuta neno la kuchekesha. Kondoo wetu walikuwa wa mama, wa mkia mnono, tuliogawana alipofariki. Wangu walikuwa wamepungua sana, na karibu wote waliobaki walikuwa majike wenye mimba. Mama alinunua jike wake wa kwanza kwa kufua na kupika miaka mingi kwenye shamba la Mzungu ng'ambo ya uzio, na siku alipotoka jikoni humo aliapa kwamba mtoto wake hatarudi humo. Kondoo wale wangekufa, mimi ningerudi humo. Sikuwa na pengine pa kwenda, na Lewies alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Alikuja asubuhi, nikiwa nakoroga uji. Alikuwa ametoka kutafuta punda aliyepotea, hivyo ndivyo alivyoaga, na vumbi lilikuwa limemfika nyusi. Alichutama, akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua juu ya goti. Vijiwe vilikuwemo, na utando juu yake ulikuwa bado unang'aa.

Nilimshika mkono. Isak alisema alikuwa ameshaanza kujifunza kula mawe, sasa itabidi aache. Nikamuuliza Lewies wapi.

"Mgongo Mwekundu," akasema. "Juu kule mchangani. Wanaimba mpaka masikio yanauma, dada. Nyasi zimeanza kutoka."

Mgongo Mwekundu ni kilima kirefu cha mchanga upande wa mashariki, mwendo wa siku tatu kwa kondoo walionenepa na zaidi kwa wangu. Nilimwambia basi tufungashe twende wote. Akasema punda wa Lenie anachechemea, na yule aliyepotea bado hajaonekana, hivyo tutangulie sisi wenye majike walio na mimba, yeye atatufuata. Ilikuwa na akili. Nilimpikia kahawa ya kwanza na nikamtilia sukari yote iliyokuwa imebaki kwenye kopo. Aliinywa taratibu, akaniambia ni tamu, akanirudishia kikombe.

Tuliondoka siku hiyohiyo. Lenie alitusaidia kukunja mikeka. Nakumbuka alikuwa akiikunja haraka kuliko desturi yake, na nilimshukuru kwa hilo.

Njiani kuna pampu moja, na tulinywesha pale. Baada ya pampu hakuna kitu. Majike walikuwa wakienda hatua chache na kusimama, vichwa chini, na mimi nikiwaimbia na kuwatukana kwa zamu. Isak alikuwa mbele na mkokoteni. Tulipopumzika kwenye kivuli cha mkokoteni wenyewe, maana kivuli kingine hakikuwepo, aliomba nimwonyeshe vijiwe. Nilikuwa nimevifunga kwenye leso yangu. Akavigeuzageuza kiganjani.

"Mke wangu," akasema, "mchangani mawe yametoka wapi?"

Nilimwambia ndege ana mabawa, anaokota anapotaka.

"Kweli. Labda alikuja na mzigo kutoka kwao."

"Lewies hajawahi kunidanganya kuhusu ndege," nikasema. "Wewe ndiye hujui kumtofautisha kipozamataza na kuku."

Isak alicheka, akavirudisha vijiwe kwenye leso, akaenda kumlegezea punda mkanda. Hakuuliza tena. Mimi nilibaki nimekasirika njia nzima, na hasira ile nilikuwa naielekeza kwake kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu.

Tulifika chini ya Mgongo Mwekundu kabla jua halijapanda. Sikuona kijani, lakini nikajiambia kitakuwa nyuma, upande wa pili. Kisha tukasikia sauti. Ndege aliimba juu ya kilima, kifungu kifupi, akanyamaza, akakirudia. Isak akavua kofia. Nilimwambia akae na kondoo, nikapanda mchanga kwa mikono na magoti.

Nilipofika karibu na kilele nililala kifudifudi kama nilivyofundishwa. Ndege alikuwa juu ya kichaka kikavu. Alikuwa mmoja. Niliangalia kushoto na kulia nikitafuta kundi, na kundi halikuwepo. Mgongo mwekundu usio na mchirizi. Mdomo mnene. Mstari mweupe juu ya jicho. Aliimba tena, na kutoka kilima kilichofuata, mbali, mwingine alimjibu kutoka kichaka chake, na baada ya huyo mwingine zaidi, kila mmoja akingoja zamu yake. Wa mvua hawana adabu hiyo, hao huimba wote pamoja angani mpaka huwezi kumtenga mmoja. Nyuma ya kilima uwanda ulikuwa mweupe na mkavu mpaka mwisho wa macho yangu.

Yule mwekundu alishuka kichakani, akakimbia, akasimama, akanitazama, akaanza kuchimbua chini ya shina la nyasi iliyokufa. Hapo karibu palikuwa na kiota chake cha zamani, nyasi zimekunjwa kama kofia, na mlango pembeni. Hapakuwa na kijiwe hata kimoja. Niliingiza mkono mchangani nikauchota, nikauchuja vidoleni, nikachota tena. Ni mchanga mtupu. Kilima chote kile huwezi kupata changarawe ya kumtupia mbwa.

Sitaficha nilivyojisikia. Kwanza niliona aibu, kana kwamba mimi ndiye niliyefanya jambo baya na watu wameniona. Nililala pale nikimtafutia Lewies njia ya kutokea. Jua lilimpiga. Macho yamechoka. Aliwasikia hawa akadhani ni wale. Lakini kila njia niliyomfungulia, vijiwe viliifunga. Vilikuwa vya kweli, na utando wa kweli. Viota aliviona, na mvua aliijua, ila haikuwa huku. Angenyamaza tu ningeziona nyayo zake nikamfuata, ndiyo maana alinituma upande mwingine. Alichukua kile alichonifundisha mwenyewe akakitumia kuniondoa. Hapo aibu iliisha na nikaumia vibaya, nikapiga ngumi mchanga mpaka yule ndege akaruka. Hakuenda mbali. Alitua kwenye kichaka kilekile alichokuwa.

Niliposhuka Isak alinisoma usoni, akavaa kofia yake.

"Wapo wekundu?" akauliza.

"Wekundu tu."

Namshukuru mpaka leo kwamba hakunikumbusha la mawe. Alichukua koleo akaenda kutafuta matikiti mwitu kwenye bonde la mchanga, yale machungu ambayo kondoo akikosa kabisa huyala kwa ajili ya maji yake. Alipata machache yaliyonyauka. Tuliyapasua na kuwagawia waliokuwa hoi zaidi.

Kurudi sitakusimulia kirefu. Majike walitupa mimba njiani, mmoja baada ya mwingine, na tai walijua kabla yetu nani atafuata. Wengine walilala tu wakakataa kuinuka, na nilikuwa nawashika kichwa nikiwaita kwa majina aliyowapa mama, maana aliwapa majina yote ya wanawake wa jikoni mule. Kwenye pampu tulipumzika mpaka waliobaki wakaweza kwenda. Isak aliwabeba wawili kwenye mkokoteni na yeye akatembea.

Tulipofika bomani, nyumba ya Lewies haikuwepo. Palikuwa na duara la ardhi safi pale ilipokuwa, na majivu yaliyopoa. Punda anayechechemea hakuwa amechechemea hata kidogo, nyayo zake zilikuwa zimenyooka kama za farasi wa polisi. Zilielekea upande wa magharibi. Na juu ya nyayo za kondoo wa Lewies palikuwa na nyayo za kundi jingine, kubwa, lililotoka upande wa misheni na kuungana naye hapo hapo mlangoni kwangu. Nilizijua. Kundi kubwa namna hiyo upande ule alikuwa nalo mtu mmoja, Kobus Saal, kaka yake Lenie.

Wahenga husema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mama alikuwa akitusomea methali hiyo kila tulipogombania mfupa. Nilisimama juu ya nyayo zile nikaisema kwa sauti, na Isak akasema methali nayo inahitaji mvua.

Magharibi, mwendo wa siku moja, kuna Bwawa la Pofu. Ni bonde tambarare ambalo hukaa kavu miaka na miaka, na mvua ikianguka sawasawa hujaa maji ya kufika magoti. Limezungukwa na changarawe pande zote. Tulilala kidogo, tukawapa kondoo maji machache ya kisimani, lakini majani bomani hayakuwepo na hawangekaa. Kisima nacho kilikuwa kinatoa matope. Basi tukaenda.

Vipozamataza ndio waliotupokea. Kabla hatujaliona bwawa walipita juu yetu, mamia, wadogo, madume wenye vichwa vyeusi wakipanda angani na kushuka, kelele tupu. Chini, kila kichaka chenye kivuli kilikuwa na kiota, na kila kiota kimetandazwa vijiwe ukingoni. Ilinibidi nitazame ninapokanyaga. Majani yalikuwa yamefika vifundoni. Kondoo wangu walianza kukimbia, wao ambao jana walikuwa wanabebwa.

Watatu walikuwa wamesimama mbele ya maji: Lewies, Lenie na Kobus, huyo mnene mwenye fimbo ya mzeituni mwitu. Kobus aliinua fimbo kuwazuia kondoo wangu. Isak na mbwa wetu waliwakata mbele, kondoo wakasimama wakilia, maji yakiwa hatua chache tu. Lenie aliniita wifi na akasema kahawa ipo. Nilimwambia ainywe mwenyewe.

"Mmefika," akasema Lewies.

"Wekundu wanakusalimu."

Akatazama chini. Alikuwa amenyoa ndevu. Sijui kwa nini hilo ndilo lililoniuma, kwamba siku nilizokuwa nawaokota wanakondoo wafu mtu huyu alipata nafasi ya kunyoa.

"Niliona umeme upande ule," akasema. "Nilidhani na kule itanyesha."

"Na vijiwe ulivitoa kule kwenye umeme?"

Kobus ndiye aliyejibu. Alisema kwa sauti ya mtu anayefundisha kwamba bwawa ni la makundi mawili, kila mtu anaweza kuona, na wao wawili wamekubaliana. Lewies alimnyoshea mkono anyamaze, akanisogelea. Alieleza kwamba Kobus ndiye aliyempa punda alipokuwa hana kitu, kwamba Lenie amekaa naye miaka yote kwenye vumbi bila kulalamika, kwamba nao ni watu wake. Alieleza vizuri. Angekuja kunieleza hivyo bomani, kwa kahawa ileile, ningelia na kugombana naye na pengine ningesema sawa, tutabanana, au ningetafuta kwingine kabla kondoo hawajachoka.

"Ungemwambia una dada," nikasema.

"Nilimwambia."

"Kisha?"

"Damu ni nzito kuliko maji, Dorkas, najua. Lakini kondoo hawanywi damu."

Alilisema kwa upole, bila kejeli, na ndiyo maana nililiamini. Ndivyo alivyokuwa amepiga hesabu yake. Hasira niliyokuja nayo sikuiona tena.

Akasema sasa nimefika, basi. Kondoo wa Kobus watakunywa kwanza, kisha wake, kisha wangu, kesho asubuhi maji yakitulia. Nisubiri tu. Na malisho atanipa upande wake, kwa kuwa kondoo wetu wana alama moja, ile ya mama, mkato wenye ncha kwenye sikio la kushoto, na kundi la alama moja ni kundi moja.

Niliwatazama kondoo wangu. Kesho asubuhi wasingekuwepo wote. Mtu yeyote aliyewahi kuchunga angeliona hilo, na Lewies alichunga kabla yangu.

Huku kwetu mgeni hanyimwi maji. Akija na kundi lenye kiu, awe nani, hata awe adui, watu huondoa kondoo wao majini mpaka wake wanywe, kwa sababu mgeni atapita na hujui nawe utapita kwake lini. Ni ndugu tu anayeweza kuambiwa asubiri. Ndugu hana pa kwenda.

Nikatoa kisu kwenye mkokoteni. Isak alinitazama akajua, akasema, "Una hakika?" nami nikasema ndiyo. Hakuweza kunisaidia, maana yeye na mbwa walikuwa wanawazuia kondoo wasivunje mstari. Nilimkamata jike wa kwanza mwenyewe, nikambana kwa magoti, lakini nilikuwa nimechoka na alikuwa akipigania maji, akanitoka. Nikamkamata tena, akanitoka tena. Kobus akacheka.

Lewies hakucheka. Alikuja, akamshika yule jike pembeni ya taya kama mama alivyokuwa akiwashika, akamgeuza kichwa sikio la kushoto lije kwangu. Nadhani alifikiri nataka kumtoa kupe, au kumchinja mmoja aliyeshindwa. Nilikata ncha yote ya sikio, mahali palipokuwa na alama ya mama. Damu ilimrukia mkononi. Alinitazama, akatazama sikio lile lililobaki kipande, na niliona anaelewa.

Nilidhani atamwachia. Hakumwachia mpaka nilipofuta kisu. Kisha akaenda mwenyewe akamkamata wa pili, akamleta, akamgeuza kichwa. Tulifanya hivyo kwa wote waliobaki, yeye akishika, mimi nikikata, karibu kiasi cha kusikiana pumzi. Hawakuwa wengi. Lenie alikuwa akilia mahali fulani nyuma yetu, na Kobus alikuwa ameacha kucheka, akauliza mara mbili ni kitu gani kile kinafanyika.

Tulipomaliza, Lewies aliingia majini akanawa damu mpaka viwikoni. Akasimama hapo kidogo akiwa ametugeuzia mgongo. Halafu akamwambia Kobus awaondoe kondoo wao bwawani, wote, wake na wa Kobus pia, na Kobus alipouliza kwa nini, alijibu kwa sauti ya kawaida kwamba wageni wamefika.